Mkurugenzi Apata GB Sitini na Nne

Kwa niaba ya Mkurugenzi, Menejimenti na watumishi wote wa Ofisi ya Mifereji ya Maji ya Mvua, Kanda ya Kibamba, ninayo furaha kuutangazia umma kwamba zoezi la kuboresha laptop za ofisi limekamilika kwa mafanikio ya asilimia mia moja. Yaliyotokea baada ya hapo hayahusiani na zoezi.

Mimi ni Cyprian, Afisa Utawala na Katibu wa Kamati ya Uboreshaji. Natoa taarifa hii kwa sababu mtaani yanasemwa mengi, na wanaoyasema wanajishika mbavu kwa kicheko. Inaniuma.

Chanzo cha yote ni Editha, mpima ardhi wetu. Ni mchapakazi, ila ana kasoro moja: anapenda kumaliza kazi. Alikuwa na ramani ya mfereji mpya, ramani nzito yenye picha zilizopigwa na droni kuanzia Barabara ya Morogoro hadi bondeni. Kila alipoifungua kwenye laptop yake ilifika katikati ikaganda. Feni inanguruma, skrini inakuwa nyeupe, Editha anakwenda kunywa chai.

Mkurugenzi Valerian, kiongozi asiyevumilia kazi kukwama, alilitatua tatizo kwa rula. Aliichapisha ile nusu iliyofunguka, akaweka rula pale mfereji ulipokatikia, akaunyoosha mpaka mtoni. Mstari ulipita katikati ya jiko la Bi Zubeida, mjane anayekaanga sambusa za kupeleka madukani. Mkurugenzi akasaini amri: jengo lolote lililo kwenye njia ya mfereji livunjwe Jumatatu, bila rufaa. Mimi nikagonga muhuri, na ulikolea vizuri sana.

"Mkurugenzi, maji hayafuati rula," Editha akasema. "Kule mbele kuna mwinuko, lazima yapinde. Niongezewe RAM, yaani memori ya laptop, niifungue ramani yote. La sivyo, yule mama anavunjiwa jiko bure."

"Yanapinda kwenda wapi?"

"Ikifunguka ndo tutajua."

Tukamwita Azzam, fundi mwenye kibanda karibu na stendi. Aliigeuza laptop ya Editha kama mtu anayekagua samaki.

"Bosi, hii mashine ni ya kazi ngumu, sema mmeinyima chakula," akaniambia. "Ina GB nane tu, na ina nafasi ya RAM ipo wazi. RAM kubwa inaingia hapa. Tukipachika sitini na nne, tukaiwekea na SSD, ile diski ya kasi, inaruka hii. Dakika ishirini tu."

Nilimweleza kijana kwamba ofisini kwetu hakuna kitu cha dakika ishirini.

Kwanza, stika ya mali ya ofisi ilikuwa imebandikwa juu ya skrubu mbili. Kuibandua ni kuharibu mali ya ofisi. Kutoibandua ni kukwamisha maendeleo. Kamati ilikaa siku mbili. Tuliazimia stika ibanduliwe mbele ya mashahidi watatu na kuhifadhiwa ndani ya bahasha. Bahasha nayo, kwa kuwa ni mali ya ofisi, tukaibandika stika.

Kikao cha tatu ndicho kilichoibua suala zito. Mtumishi wa chini anawezaje kuwa na memori kubwa kuliko mkuu wake? Kiti anakalia cha plastiki, halafu GB sitini na nne? Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba memori inunuliwe zaidi, igawiwe kwa kufuata ngazi za utumishi. Mkurugenzi alipata sitini na nne na ile SSD. Mimi nilipata thelathini na mbili, ambazo nazitumia kuandikia barua. Dereva hana kompyuta, lakini ni mtumishi kama wengine. Alipewa nane, akazitundika kwenye kioo cha gari. Editha alibaki na zilezile zake pamoja na cheti cha ushiriki.

Mkurugenzi alifurahi mno. Hutumia laptop kuchezea karata, na sasa karata zilikuwa zinafunguka hata kabla hajaketi vizuri.

Editha alikisoma cheti chake mara mbili. Nilidhani atalia. Badala yake akasema kwa adabu iliyonitia wasiwasi kidogo:

"Basi ramani tuifungulie kwako, Mkurugenzi. Mbele ya wananchi, waone uongozi wako."

"Binti huyu ameanza kukomaa," Mkurugenzi akaniambia.

Jumamosi tukafunga hema uwanjani kwetu. Alikuja mgeni rasmi kutoka makao makuu, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache. Wananchi walijaa. Bi Zubeida alikaa mstari wa mbele, macho mekundu, sufuria zake amekwisha kuzifunga kwenye khanga tangu jana yake. Editha aliunganisha projekta, akamwachia Mkurugenzi abonyeze mwenyewe.

Ramani ilifunguka yote kwa sekunde nne. Watu wakapiga makofi, mimi nikiwaongoza.

Mstari wa mfereji uliteremka, ukakaribia jiko la Bi Zubeida, ukapinda kushoto, ukaliacha salama. Ukaendelea bondeni. Ukaingia kwenye ukumbi wa sherehe mpya wenye mabati ya bluu, kwa mlango wa maharusi, ukatokea nyuma vyooni. Droni ile ilipiga picha safi sana: juu ya mabati jina VALERIAN lilisomeka herufi zote.

Makofi yangu yalisikika peke yake kwa muda.

"Nani kajenga hapo?" mgeni rasmi akauliza.

Kibali cha ujenzi kilikuwa na muhuri wangu.

Mama yule akaomba ile amri, akaisoma polepole. "Jengo lolote," akasema. "Imekaa vizuri. Na imeshasainiwa. Greda lije Jumatatu kama lilivyopangwa."

Mkurugenzi alimvuta pembeni Azzam, aliyekuja kutazama kazi yake. "Kijana, zichomoe hizo GB. Sasa hivi."

"Kuzichomoa siyo ishu, bosi," Azzam akajibu. "Ila ramani kila mtu kashaipiga picha."

Kwa kweli hata vijana wa bodaboda walikuwa wamesimama juu ya viti, simu zimeinuliwa. Mkurugenzi aligeuka, akakutana uso kwa uso na Bi Zubeida. Hakuwahi kumsalimia hata siku moja.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Bi Zubeida akajibu, akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Viti vya ukumbini umeshavitoa? Vilete kwangu kesho, nitakuwekea jikoni."