Bingwa Asiyemaliza Mechi

Mpaka Jumapili ninayotaka kuisimulia, Urbani Ndunguru alikuwa hajafungwa hata mara moja. Kwenye gemu la mpira la kompyuta, mwaka ule wa 2003, aliwaita watu nyumbani kwake Mbinga mmoja mmoja, walimu, makarani, mpaka katekista Egidi, na hakuna aliyetoka pale na ushindi.

Alichokuwa hasemi ni kwamba hakuna mechi iliyowahi kuisha. Ikifika dakika ya sitini na kitu, sabini ikizidi sana, kompyuta ilijizimikia yenyewe. Kioo cheusi, kimya, kama mtu aliyekumbuka ana msiba mahali. Ukiwasha tena, mabao yote yamefutika. Mgeni akilalamika kwamba alikuwa anaongoza matatu bila, Urbani alimwuliza kwa upole, "Matatu yapi? Yako wapi?"

Mimi ni fundi cherehani, jirani yake ukuta kwa ukuta, kwa hiyo haya sikusimuliwa.

Kompyuta yenyewe aliipata kiajabu. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa, kila mwenye mzani alikuja Mbinga akajiita kampuni. Moja ilimwajiri Urbani ukarani, ikanunua misimu miwili, kisha ikaondoka bila kuaga, ikamwachia kompyuta iliyokuwa imekaa ghalani muda wote huo. Urbani aliileta nyumbani kwa mkokoteni, akaiweka sebuleni kama sanamu ya mtakatifu, akaanza kujiita mtaalamu.

Na kama mtaalamu, alishughulikia ile hitilafu. Kwanza alisema ni umeme, akanunua stebileza yenye sindano inayochezacheza. Ikazimika. Akasema ni virusi, akafuta kila kitu na kuweka upya, ikiwemo mitihani ya darasa la saba ya mke wake, Mwalimu Kalista. Ikazimika. Akasema ni unyevu wa hii milima yetu, akaisogeza karibu na jiko la mkaa ipate kukauka. Siku hiyo ilizimika dakika ya kumi na tatu.

Ndipo akaja Bernadi. Huyu ni mdogo wake Kalista, kijana wa miaka ishirini na mitano kutoka Mbamba Bay, aliyekuwa akipandisha magunia ya usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, kuja kuuza soko la Mbinga.

"Shikamoo, shemeji," akasema mlangoni.

"Marahaba. Umekuja kufundishwa mpira?"

Bernadi alikuwa anaongoza manne bila, kioo kilipoingia giza. Hakulalamikia mabao. Aliinama, akachungulia chini ya meza.

"Shemeji, umebonyeza swichi kwa kidole gumba cha mguu."

"Mimi? Mtu mzima?"

"Mguu ulikuwa huku chini. Nimeuona."

Ikabidi mechi irudiwe, miguu ya Urbani ikiwa juu ya kigoda mbele ya watu wote, na soksi zake zenye madirisha. Katekista Egidi alipewa kazi ya kuitazama miguu tu, asitazame mpira. Dakika ya sitini na sita, giza.

"Miguu haina kosa," Egidi akatangaza.

Bernadi akafikiri kidogo. "Basi tuahidiane. Jumapili ijayo tucheze tena. Mechi ikiisha, aliyefungwa amwamkie mwenzake shikamoo mwaka mzima, popote watakapokutana."

Urbani alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Kumwamkia shikamoo mdogo wa mke wako si jambo la kuahidi ovyo. Lakini mtu anayejua kwamba mechi haina mwisho huahidi chochote. Alimpa mkono kabla kijana hajamaliza kusema.

Alhamisi yake, Urbani akiwa kijijini Maguu kuipimia kampuni nyingine kahawa ya wakulima, Kalista alikuja kibandani kwangu.

"Fundi, niazime bisibisi ya cherehani. Na uje."

Njiani akanieleza. "Mimi nikichapa mitihani saa tatu nzima, haizimiki. Wao wakicheza mpira, inazimika. Umeme ni uleule, nyumba ni ileile. Juzi niliushika ubavu wake wanacheza, nikadhani nimeshika kikaango. Ni joto."

Tukaichomoa kwenye umeme, tukaifungua. Mle ndani feni haikuonekana. Palikuwa na makapi ya kahawa, ya misimu miwili, yameshindiliwa kama sufi ndani ya mto. Kalista alifagia kwa brashi yangu ya cherehani, mimi nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, tukapiga chafya mpaka machozi. Tulipoiwasha, feni ilizunguka ikivuma kama nyuki aliyeachiwa huru.

"Fundi, hujaona kitu," akasema.

"Sijaona."

Jumapili baada ya misa sebule ilijaa. Mapumziko, Bernadi anaongoza matatu bila. Urbani alikuwa akinywa chai kwa utulivu wa askofu.

"Pole, shemeji," akamwambia. "Unajichosha bure."

Dakika ya sitini, manne. Ya sitini na tano, matano. Urbani aliondoa mikono kwenye kibodi, akaegemea kiti, akasubiri. Dakika ya sabini ikapita. Sabini na nne. Akanyoosha mkono kama anayejipapasa tu, akaugusa ubavu wa kompyuta. Ulikuwa umepoa kama mtungi wa maji.

"Kalista, hii mashine ina nini?"

Mkewe alikuwa pembeni anamenya karanga. "Imepona, baba Beata."

"Nani kaitibu?"

"Si mtaalamu ni wewe?"

Alirudi kucheza kwa nguvu zote, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hakujua kucheza kabisa. Alibonyeza vitufe kama anayetwanga mihogo. Goli lake pekee alilifunga upande wake mwenyewe. Dakika ya themanini na tano nikaona kiatu chake kinateleza polepole chini ya meza, kinapapasa.

"Mguu, ndugu Urbani," akasema Egidi, bila kugeuka.

Kipenga kilipulizwa, manane bila. Hakuna aliyeinuka. Katika miezi yote ile hatukuwahi kufika hapo, na hatukujua kwamba mwishoni wale wachezaji wadogo hupeana mikono. Tuliwatazama mpaka walipotoka uwanjani.

Jumatatu asubuhi Urbani alipita sokoni kwa kuzunguka nyuma, na Bernadi alikuwa amehamishia magunia yake nyuma. Urbani akasimama, akakohoa, akatazama mabati.

"Shikamoo," akanong'ona.

"Soko lina kelele, sijasikia."

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Urbani. Hujambo? Nyumbani wote hawajambo?"

Mama Ottilia, muuza maharage, alicheka mpaka akakaa juu ya mizani yake.

Bernadi, ambaye zamani alikuja mara moja kwa mwezi, sasa akawa anapanda kila siku ya soko.

Wiki iliyofuata Urbani alikuja kwangu kupimwa suruali, akakuta wakulima wawili wa Maguu. Wakamwuliza kama ni kweli alifungwa manane.

"Nilifungwa, sikatai," akajibu huku nikimpima kiuno. "Lakini semeni na ukweli wote. Siku ile mashine ilikuwa mbovu."

"Ubovu gani?"

"Iligoma kuzimika."