Waya Ulioteremka kwa Muda

Itangazwe kwa wote, wenye taa na wasio nazo: kuanzia msimu huu wa mvua, umeme hautakatika tena vijijini. Ndivyo alivyoagiza Meneja wa Umeme, na Meneja hakuwa mtu wa kutania. Dhoruba ingekuja, nguzo zingelala, nyumba zingeingia giza, lakini umeme usingekatika, ungekuwa umepumzika. Waya nao usingeanguka. Ungeteremka kwa muda, kwa sababu za hali ya hewa. Na fundi yeyote atakayezima laini kabla Meneja hajatamka kwa kinywa chake mwenyewe, kibarua chake kitaota nyasi.

Mpango ulifaulu ajabu. Malalamiko ya kukatika umeme yalikwisha kabisa, maana hakukuwa tena na dirisha la kuyapokea. Waziri akasikia, akafurahi, akasema anakuja mwenyewe kumvisha Meneja nishani mbele ya watu.

Siku yenyewe mvua ilinyesha kama imetumwa. Meneja alikuwa garini, ndani ya suti mpya, tai imemkaba kidogo, moyo unamdunda kwa raha. Tangu utotoni alitamani kupigiwa makofi na watu wengi kwa wakati mmoja, na sasa ukumbi mzima ulikuwa unamngoja. Karibu na kibanda cha chai cha shangazi yake, dereva akafunga breki. Mbele yao nguzo ilikuwa imeinama, na waya umelala kwenye tope kando ya barabara.

"Mzee, waya umeanguka."

"Umeteremka. Endelea."

"Mzee, mimi nina watoto."

"Na mimi nina waziri!"

Dereva akashuka, akafunga mlango taratibu, akarudi alikotoka bila kugeuka. Meneja akahamia kwenye usukani, akiwahurumia sana watu wasiosoma nyaraka. Shangazi yake akatoka kibandani mbio, kijiko cha chai bado mkononi.

"We mtoto, rudi! Huo una moto! Asubuhi umetoa cheche mpaka bata wangu wamehama!"

Meneja akampungia mkono, ule wa viongozi, akakanyaga mafuta. Nguzo, ambayo haikuwa imepokea agizo lolote, ikamalizia kuanguka. Waya uliobaki juu ukatua kwenye boneti ukichachatika kama kitunguu kwenye mafuta, na gari likazima.

"Usishuke!" Ukelele wa shangazi ulimfanya autoe mkono mlangoni. "Kaa humohumo! Usiguse chuma! Na nyie mnaokuja kutazama, rudini nyuma! Nyuma kabisa, hapa si harusini!"

Meneja akaogopa. Si ule woga wa ofisini wa kukosa sahihi, bali ule unaomkumbusha mtu sala za utotoni. Akampigia fundi wa zamu kituoni.

"Zima laini ya huku, haraka!"

"Shikamoo, mkuu. Laini hiyo ndiyo inayowasha taa ukumbini. Waziri yuko kwenye kipaza sauti, ndiyo kwanza ameanza kukusifu."

Meneja akainyoosha tai. Kumbe sifa zimeanza, naye hayupo! Alijua taa zikizimika mbele ya waziri, nishani imekwenda na maji. Akauangalia waya. Ukarusha cheche, na harufu ya rangi iliyoungua ikaingia garini.

"Hawezi kumaliza kwanza?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Anaweza, mkuu. Ila ana kurasa nyingi."

Cheche nyingine.

"Basi zima."

"Unamaanisha niupumzishe?"

"Kata! Kata umeme!"

"Mkuu, neno hilo si ulilipiga marufuku?"

"Nalirudisha! Waya umeanguka! Umeanguka, na mimi ndiye niliyejitia kuupita! Kata, ndugu yangu, nakuomba, nitakufa hapa!"

Alipiga kelele hizo kwa nguvu zote, hata wale waliorudishwa nyuma na shangazi wakazisikia vizuri. Hakuna aliyecheka, isipokuwa dereva, aliyekuwa amerudi aliposikia nguzo ikianguka, naye alijifunika uso kwa kofia.

Umeme ukakatwa. Hata hivyo shangazi hakumruhusu kushuka mpaka fundi alipofika, akaupima waya na kuhakikisha umekufa. Hapo Meneja akatoka, akamkumbatia shangazi yake na tope lake lote, akalia waziwazi. Shangazi akampigapiga mgongoni, akamwambia chai ipo.

Hajafika kibandani, simu ikalia. Waziri.

"Meneja! Huku giza tupu, na upepo umeangusha nguzo ya nje. Kuna waya umeziba mlango wa ukumbi, na wasaidizi wangu wanasema nipite tu, eti umeteremka kwa muda. Wewe ndiye mtaalamu. Nipite?"

Meneja akafungua kinywa, lakini meno yalikuwa bado yanagongana. Shangazi akamnyang'anya simu.

"Mwanangu," akasema, "keti hapohapo ulipo, usiguse kitu, fundi anakuja. Na huyo anayekwambia upite, mwambie atangulie yeye."