Herufi Sita za Kumkaribisha Shemeji

Jumatatu, 3 Novemba

Mke wangu Rachael anataka stoo. Ameniambia nikiwa na chai mdomoni, ili nisiweze kujibu. Dada yake, Peres, anatoka hospitali Jumamosi, ameshonwa tumbo, na daktari amemkataza ngazi. Kwa binti yake Debra, huko Loresho, ni ngazi tupu. Kwetu hapa mtaa wa Satellite ni chini kabisa. Kwa hivyo kitanda kitaingia stoo na msumeno wangu utatoka.

Utoke uende wapi? Banda la kuku, akasema. Kuku hawatajali.

Msumeno wangu wa kunakshi! Zawadi ya kustaafu niliyojipa mwenyewe, kutoka duka la vyuma River Road. Wembe wake ni mwembamba kama uzi, unapanda na kushuka palepale. Ubao ndio unaozungushwa. Ukizungusha polepole unasahau kwamba una miguu. Vumbi la jakaranda linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Leo nimelitazama mpaka mwanga ukahamia ukuta wa pili. Sikukata kitu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata mpango. Rachael hasikii la mtu yeyote isipokuwa la Peres. Peres akisema shemeji aachiwe stoo yake, yeye atalala sebuleni karibu na televisheni, basi imekwisha. Kinachotakiwa ni moyo wake ulainike kabla hajashuka garini. Nitamchongea neno KARIBU, herufi mojamoja, nibandike kwenye ubao, nitundike getini.

Jirani yangu Gichuru alichungulia juu ya ua. Mstaafu kama mimi, ila yeye anafuga sungura na hana ndoto. Alisema angekuwa yeye angechukua rangi na brashi, amalize kabla ya chakula cha mchana. Nikamwambia sanaa haina haraka. Akasema ameona.

Alhamisi, 6 Novemba

Herufi yenye tumbo ina siri yake. Unatoboa tundu, unafungua wembe, unaupitisha tunduni, unaufunga tena, ndipo unalikata tumbo kutoka ndani. A ilitoka vizuri. Katikati ya R nikajikuta Loresho. Akina mama wenye mbwa wakubwa wamesimama kwenye mageti yao, kila mmoja anataka jina la nyumba yake kwa jakaranda. Mmoja alinikatia keki.

Niliporudi, R ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nimeiacha hivyo. Inaonekana inatembea.

Rachael ameuliza kama nimeanza kuhamisha vitu. Nimemwambia nimefika mahali nyeti.

Ijumaa, 7 Novemba

Nilikuwa nimezipanga herufi uani, mvua ikaja. Nikazisomba zote kwenye mfuko wa aproni, nikakimbilia stoo. Stima hakuna. Nikabandika hivyohivyo katika kigiza, mvua ikipiga mabati, sauti tamu ya kumlaza mtu. Kuzikagua? Mimi nilikuwa karani wa masijala pale mjini, nikipanga mafaili A hadi Z mpaka nikastaafu. Nani wa kunifundisha kupanga herufi? K ilitangulia, A ikafuata, zilizobaki zikajipanga kama zinajuana.

Mvua ilipokatika nikautundika ubao getini na kuufunika leso, uje uzinduliwe rasmi. Gichuru akapita, akainua pembe ya leso bila ruhusa. Akasoma, akaishusha taratibu. Kisha akasema, "Jirani, wewe ni mtu mkweli."

Siku hizi wivu una sauti ya upole.

Jumamosi, 8 Novemba

Gari la Debra lilifika mchana. Peres mbele, blanketi magotini. Rachael alikuwa getini na akina mama wa kanisa, wanaimba. Nikavuta leso.

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Ubao ulisema KABURI.

Niliutazama na mimi. Herufi zote sita zilikuwepo, hilo lazima lisemwe. Matumbo yote safi.

Peres alishusha kioo. Akausoma tena, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya daktari. Akasema, "Debra, geuza gari. Shemeji amekwisha kunichimbia."

Rachael aliingia kiti cha nyuma akiwa na malapa. Hakunitukana. "Baba Maxwell, stoo ni yako," akasema. "Ikupikie."

Jumapili, 9 Novemba

Stoo ni yangu. Nimeiwasha mashine nisikie sauti. Nimekula mkate na ndizi. Kisha mkate.

Rachael hashiki simu. Ila Debra ametuma ujumbe: mama yake alipanda ngazi zote kwa hasira, bila kushikwa mkono. Yaani ubao wangu umefanya kilichoishinda hospitali. Sijaona wa kunishukuru.

Nimefikiria sana kosa ni la nani. Ni la Kiswahili. Nani aliruhusu maneno yale mawili yatumie herufi zilezile? Gichuru ameleta mchuzi wa sungura na ushauri: niwe naandika namba nyuma ya kila herufi. Nimekubali mchuzi.

Jumatatu, 10 Novemba

Rachael lazima arudi. Nimemchongea Peres neno AFYA, litundikwe juu ya kitanda chake. Herufi nne tu, na mbili ni A. Hakuna pa kukosea. Nilibandika nikimwona Rachael akishuka zile ngazi, mkoba mkononi, jakaranda zikimdondoshea begani maua ya zambarau. Nikafunga ubao kwa gazeti, gundi haijakauka vizuri, nikaenda Loresho.

Askari wa geti aliuliza nimebeba nini. Nikamfunulia. Akasoma kwa sauti, "FAYA?" Nikamwambia ndiyo, ni ya huko juu, kwa mgonjwa. Bwana yule alitupa kikombe na kukimbilia kengele ya moto.

Jengo zima lilishuka kunipokea! Rachael mbele, malapa mkononi. Peres nyuma yake, anashuka ngazi mbilimbili, mzima kabisa. Nimetengeneza mbao mbili tu na tayari watu wananikimbilia.