Ubao wa Mto na Kigeuzi Changu

Jumatatu, 4 Machi
Mhandisi Astudillo kanipa ubao wa darajani! Kipimo kinaleta kina cha maji kwa namba ya desimali. Mimi niigeuze iwe maandishi ya ubaoni kwa C, lugha ya kompyuta. Ubao ukipita mita 2.40, Doña Zoila, mlinzi wa daraja, apige kengele, watu wa bondeni wahame. Maribel wa meza ya pili kasema snprintf ipo, amri iliyo tayari ndani ya C, mstari mmoja, kazi kwisha. Mstari mmoja! Nani alipandishwa cheo kwa mstari mmoja? Naandika kigeuzi changu.

Jumanne, 5 Machi
Mistari arobaini. Naandika mita nzima, nukta, kisha kilichobaki nazidisha kwa mia. 2.30 ikatoka 2.29. Nikakadiria kwenda juu, ikatulia. Maribel kauliza kama nimejaribu 2.05. Wivu huo.

Jumatano, 6 Machi
Ubao umewashwa. 1.87! Nilivaa tai. Doña Zoila kanipa humita mbili za moto, mahindi yaliyosagwa na kupikwa ndani ya maganda yake.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Asubuhi maji yalifika 2.05. Kilichobaki mara mia ni tano, kigeuzi kikaandika tano. Ubao: 2.5! Kengele ikalia. Bonde zima likapanda kilimani na nguruwe, magodoro, na bibi harusi aliyesukwa nusu kichwa. Doña Zoila kashuka kupima kwa fimbo, kisha kanipigia: “Mwanangu, sifuri ya watu umeipeleka wapi?”
Nimeirudisha. Mistari arobaini na tatu.

Ijumaa, 8 Machi
Saa kumi jioni, 2.46. Ya kweli! Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Nikakimbia mlango kwa mlango, tope magotini. Don Segundo, fundi viatu, kachungulia dirishani: “Leo ni mbili na ngapi, bwana? Au tungoje urekebishe?” Nikaingia, nikambeba mama yake mgongoni. Hapo akanifuata, na mtaa ukamfuata yeye. Maji yaliingia vyumbani yakakuta viti tu. Nililia kidogo. Mvua ilificha.

Jumamosi, 9 Machi
Maribel kaweka mstari wake mmoja. Nimekubali, kwa heshima. Nimeelewa kabisa: kilichojaribiwa na wengi hakidharauliwi.
Mhandisi sasa anataka ubao uonyeshe na saa. Maribel kasema hiyo nayo ipo tayari.
Ipo ya watu wote! Nimeanza yangu. Nimefika mstari wa sitini, na bado niko saa za asubuhi.