Mkono wa Kuchorea Maharusi

Jumanne, 4 Februari 2025
Nimekwenda Kiembe Samaki kumchora piko, rangi nyeusi ya maua ya harusi, Wanu anayeolewa Ijumaa. Ua la kwanza mguuni salama. La pili mkono wangu ukatetemeka, likawa mchicha. Sichana, mchoraji mwenzangu anayeninyemelea wateja, akarefusha shingo. Hofu! Nikawahi kusema anayetetemeka ni biharusi. Wakaniamini wote.

Njiani nikamkumbuka marehemu mume wangu, Tahir. Alianza kwa kuangusha kikombe. Mdomo ukaenda upande. Nikadhani upepo mbaya, nikamsugua mafuta mpaka alfajiri. Kumbe kiharusi. Nimejitazama kwenye kioo. Mdomo uko sawa. Nimetazama tena.

Jumatano, 5 Februari
Balaa. Kaja Bi Maryam, mama wa Wanu. Nyumbani kwao wameamua kuwa biharusi anayetetemeka hamtaki mume. Babake anasema bora kurudisha posa leo kuliko kupokea talaka kesho. Wanu analia kuwa anamtaka. Kila akilia, wanazidi kuniamini mimi.

"Bi Badria, wewe ndiye uliyemshika mguu. Mwanangu kaogopa nini?"

Nikasema labda baridi. Mwezi wa pili huu, Unguja!

Binti yangu Sumaiya alikuwa mlangoni. Kaniona namimina chai, nusu kikombeni, nusu mkekani. Kesho hospitali.

Alhamisi, 6 Februari
Mpango: mkono ndani ya buibui, juu ya paja. Ulitulia kama mtoto aliyelala. Daktari, kijana mdogo, akaniomba nimimine maji kikombe hadi kikombe. Nikaiogesha meza.

Akanieleza kiharusi huja ghafla: uso huporomoka upande mmoja, mkono hulegea, maneno hukorogeka. Hapo mtu hukimbizwa hospitali saa ile ile, hasuguliwi. Nikalia. Sumaiya akanishika bega. Yako pia maradhi ya Parkinson. Huko mkono hutetemeka ukipumzika. Wangu hutetemeka ukifanya kazi, na mtetemeko huo mara nyingi ni wa ukoo. Mama alimwaga mchuzi maisha yake yote, sisi tukisema ana haraka. Hauui, hauponi, ila vidonge huutuliza. Kimoja kila siku, wala nisiache ghafla, moyo usije ukaenda mbio.

Sumaiya hakunipeleka nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja Kiembe Samaki. Babake Wanu alikwishavaa kanzu, tayari kwenda kurudisha posa.

"Ni mkono wangu, Bi Maryam. Mwanao hakutetemeka hata kidogo."

Babake akakaa. Wanu akanibusu kichwa, nisiyestahili. Akaitwa Sichana, akamalizia mguu wa kushoto bila kunikejeli. Hilo ndilo limenitisha zaidi.

Jumatatu, 17 Februari
Wanu yuko kwa mumewe, wanapika pamoja. Vidonge vinafanya kazi. Jana nimechora mstari ulionyooka kama uzi wa fundi. Wameniita Bwejuu, biharusi wa kuchorwa mpaka magotini.

Leo sikumeza kidonge. Hakuna harusi mpaka Alhamisi, na mkono wa kukatia vitunguu acha utetemeke. Navikusanyia Bwejuu. Moyo unanidunda tangu asubuhi, lakini najua ninachofanya. Daktari kasema kila siku. Kijana yule, hajui kuwa maharusi hawaji kila siku.