Konzi ya Mchanga kwa Leah

Jumatatu, 17 Februari

Nimeamua. Naenda Arizona kuiba mchanga. Kuiba ni neno kubwa. Kuchukua konzi moja.

Leah tulimzika Januari mwaka jana, hapa Roseville, huku kaskazini kwenye baridi, ardhi imeganda kama chuma. Watu wa mazishi walifunika udongo kwa zulia la kijani, wakatuhimiza twende tukaote joto garini. Mashine ilifukia baadaye. Hakuna aliyemtupia udongo. Mimi mumewe sikumtupia! Binti wa Manyoni, mtu wa nchi kame, aliyevaa soksi mbilimbili hadi Juni. Ukutani jikoni bado ipo picha ya jangwa la Arizona aliyoikata kwenye kalenda. Alikuwa akisema, Baba Brightness, ona, kama kwetu.

Basi nitamletea kwao. Kimya kimya. Gasto, kaka yake, nimemwambia naenda kupumzisha macho tu.

Jumanne, 18 Februari

Gasto naye kakata tiketi! Anasema mfiwa haachwi peke yake, hasa mfiwa mwongo. Kapanga na ratiba: asubuhi tunatoka Phoenix, jioni tunarudi, kila siku kivutio kipya. Mpango umeharibika. Nimeficha kopo tupu la kahawa katikati ya soksi.

Alhamisi, 20 Februari

Ngome! Kanisani nilitangaza tunakwenda kuona ngome, ndivyo jina lake linavyosema. Kumbe ni vyumba vilivyobandikwa kwenye jabali, juu kabisa, kama viota vya mbayuwayu. Watu waliishi humo mamia ya miaka iliyopita. Hakuna kupanda. Unatazama kutoka chini. Gasto akauliza ngome gani haina hata mlango wa mbele. Leah angeuliza maji waliyateka wapi, na nani aliyapandisha kule juu. Kisha angejijibu mwenyewe: wanawake.

Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Konzi ya kwanza. Kumbe askari wa hifadhi yuko nyuma yangu! Mama mpole sana. Akasema hapa hakitoki hata kijiwe. Nikababaika. Nikamwambia kwetu wajawazito hula udongo. Akanitazama tumbo. Akauliza mjamzito ni nani. Gasto, badala ya kunisitiri: "Sema basi, shemeji, ya miezi mingapi?"

Nikaurudisha.

Ijumaa, 21 Februari

Leo msitu wa mipungate, ile mimea ya miiba ya jangwani, mirefu kama nguzo za umeme. Imesimama na mikono juu kama waumini. Uzuri wa kutisha. Lakini jangwa lenyewe halina mchanga! Kokoto na miiba. Picha za shule ya Jumapili zimenidanganya utoto mzima.

Wakati wa kurudi tukasimama kituo cha mafuta. Nikazunguka nyuma kama mtu mwenye haja. Udongo mwekundu, laini, usio na askari. Nikajaza kopo. Mpungate mdogo ukanidaka kiganja. Nilipiga ukelele! Gasto akaja na kitana, akachomoa miiba huku akinitukana kwa Kigogo. Hapo akaliona kopo. Nikamweleza yote: zulia la kijani, mashine. Akaacha kutukana. Akasema na yeye hakumtupia dada yake. Kisha akakaza mfuniko, udongo usije ukamwagika.

Jumapili, 23 Februari

Tumerudi Roseville. Baada ya ibada, makaburini. Theluji mpaka magotini, mawe yote yamelala chini yake. Nilimwambia Gasto mahali pale napajua hata nikifumba macho. Tukafukua kwa beleshi lake. Nikamwaga kopo lote. Nikamsimulia Leah kila kitu: viota vya watu, maji, mipungate inayoomba. Nililia vizuri, kwa mara ya kwanza. Gasto akafuta jiwe kwa glovu, akasoma jina.

Bwana Halvorson.

Gasto alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Halafu hakikuwa kicheko tena.

Leah alikuwa jirani tu. Tukamwomba Bwana Halvorson radhi, tukachota theluji yake iliyokuwa nyekundu. Gasto alitupa kwanza, kaka mtu. Kisha mimi. Kiganja kiliwaka moto. Iliyobaki tukamwachia mzee. Huenda naye alifunikwa zulia.

Jumatatu, 24 Februari

Nimewaza kazini kutwa. Theluji itayeyuka, maji yataondoka na udongo wa Leah. Tena udongo wenyewe ni wa nyuma ya kituo cha mafuta! Si wa heshima. Wa heshima ni ule wa chini ya jabali, walikopita wanawake wa maji. Kule ndiko angesimama akauliza maswali yake.

Mkono bado umevimba. Nimeosha kopo, linakauka chini ya picha ya kalenda. Gasto nimemwambia naenda tena kupumzisha macho. Ameuliza tiketi nakata ya lini.

Yule mama askari akiuliza safari hii, mjamzito ni Gasto.