Diski Isiyo na Malalamiko

Idara ya Malalamiko inapenda kuutangazia umma kwamba malalamiko yameisha.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni Jumatano saa tano asubuhi, likiwa na mhuri na sahihi ya Mkurugenzi, na wananchi waliokuwa kwenye foleni wakaombwa warudi nyumbani wakiwa wameridhika. Wala halikuwa la uongo. Nusu saa kabla, karani wa masjala alikuwa ametii dokezo la Mkurugenzi lililomwagiza aifomati diski ya idara "kwa ajili ya usafi". Ndani ya diski ile kulikuwa na malalamiko elfu tisa na mia nne. Dakika tatu baadaye hapakuwa na hata moja.

Kilicholeta balaa ni mafanikio. Wizara ilifurahi mno, ikaamua kumpa Mkurugenzi nishani, na ikamteua Mjumbe aje Ijumaa kuangalia mafaili ya malalamiko yaliyotatuliwa. Alitaka kuona angalau machache.

Alhamisi asubuhi karani akaitwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na katika muda wote huo hakuwahi kupoteza hata kibanio cha karatasi.

"Mama, nani alikutuma ufute diski?"

"Wewe, Mkuu. Kwa dokezo."

"Liko wapi hilo dokezo?"

"Lilikuwa kwenye diski."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huruma ya kikazi. Kwa mujibu wa kanuni, dokezo lisiloweza kuonyeshwa halijapata kuandikwa. Kwa hiyo karani aliharibu mali ya umma kwa utashi wake mwenyewe, na Ijumaa saa nane Kamati ya Nidhamu ingekaa ili imfukuze kwa kufuata utaratibu. Karani alitoka ofisini humo. Aliogopa, lakini zaidi alikasirika, maana kuangushiwa jumba bovu na mtu uliyempikia chai miaka kumi kunauma.

Akampigia simu wifi yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi, akamweleza yote.

"Wifi, kuna mtu kaandika chochote humo tangu jana?" fundi akauliza.

"Bado. Ila Mkuu anataka kuhifadhi humo ripoti ya upotevu."

"Mwambie aiandike ukutani akitaka. Diski asiiguse. Kufomati ni sawa na kung'oa vibao vya nyumba mtaa mzima. Watu bado wamo ndani, ila hakuna anayejua nani anakaa wapi. Mkiandika juu yake, ndipo mnabomoa nyumba zenyewe. Nakuja."

Alikuja na diski tupu na flashi yenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mlinzi alipoambiwa kwamba Linux ndiyo itakayofanya kazi, akafungua daftari la wageni. Jina: Linux. Anakotoka: kwenye flashi. Anamwona nani: diski. Kwenye nafasi ya kabila alifikiri sana, kisha akaandika "anachunguzwa".

Mkurugenzi naye alikuwa na wasiwasi wa kitaalamu. "Hii Linux ni bei gani?"

"Ya bure, mzee."

"Cha bure hakiingii serikalini bila kamati."

"Sawa, tuite kamati. Ila Mjumbe anakuja kesho."

Kamati ikaahirishwa kabla ya kuundwa. Wifi akainakili diski nzima kwenye ile tupu, ili ya zamani isiguswe, kisha akaiacha Linux ipekue nakala kipande kwa kipande. Mkurugenzi alisimama nyuma yake akiangalia herufi nyeupe zikipanda kwenye kioo cheusi.

"Yatarudi yote?"

"Mengi. Ila majina ya mafaili yamepotea. Yatarudi na namba tu."

Uso wa Mkurugenzi ukakunjuka. Kwake yeye, faili lisilo na jina ni sawa na raia asiye na kitambulisho, haliwezi kumshuhudia mtu. Akasaini kibali cha kurejesha kila kitu, akaenda kupimwa suti ya nishani.

Ijumaa saa nane kamati ikakaa, Mjumbe akiwa kiti cha mbele na mafaili yaliyorejeshwa yakiwa mezani. Mkurugenzi, ambaye ndiye Mwenyekiti, akapendekeza waanze na kumfukuza karani. Katibu akakohoa.

"Samahani, Mwenyekiti. Kanuni ya kumi na moja: waraka usio na jina usomwe kwanza kwa sauti na Mwenyekiti, mbele ya kamati, kisha upewe jina kwa kura. Uliitunga mwenyewe."

"Kanuni nzuri," Mjumbe alisema. "Tuanze."

Faili la kwanza lilisema bomba linavuja. Likaitwa Maji. La pili lilisema bomba bado linavuja. Likaitwa Maji ya Pili, kwa kura sita dhidi ya moja. La tatu Mkurugenzi alilisoma kwa madaha mpaka nusu, kwa kuwa alipenda mtindo wake: karani aifomati diski yote, asiulize, asibakize. Mwishoni akakuta sahihi yake.



"Linalofuata," Mkurugenzi alisema haraka, na kwa haraka hiyo akalianza bila kuliangalia. "Jumatatu. Nimesikitishwa kugundua kwamba diski ya idara imefutwa..."

"Endelea, Mkuu," Mjumbe alisema.

"Mtumishi aliyesababisha aachishwe kazi mara moja, na akabidhi funguo zote kwa masjala."

"Diski ilifutwa Jumatano. Barua ya Jumatatu ilijuaje?"

"Ofisi hii hupanga mapema."

Mjumbe aliuliza kama sahihi ni yake. Ilikuwa yake. Akauliza kama barua inamtaja karani. Haikumtaja, kwa sababu Mkurugenzi hakuwahi kulijua jina lake. Basi, alisema Mjumbe, barua ni halali, imesainiwa na mwenye mamlaka, na waraka wa tatu umeshamtambulisha aliyesababisha. Kinachobaki ni utekelezaji. Wajumbe wakapiga kura. Hakuna aliyepinga, hata Mwenyekiti, ambaye mkono wake ulipanda kwa mazoea.

Karani akafungua kitabu cha makabidhiano, akaanza kupokea funguo moja moja: ofisi, kabati, gari, ghala. Mkurugenzi akageuka kuondoka.

"Bado moja, Mkuu," karani alisema, mkono ukiwa wazi. "Ya choo cha wakubwa."